Mlango wa Nyuma wa Kituo cha Meerden

Pale kijijini Hardersveen mtu wa kanisa hachanjwi. Ni jambo lisilojadiliwa, sawa na kuanika nguo Jumapili au mwanamke kuingia ibadani bila kofia. Mungu akitaka uugue utaugua, akitaka upone utapona, na sindano ni kumwambia Mwenyezi Mungu kwamba hatoshi. Hivyo ndivyo alivyofundisha Mzee Evert Kolkman kwa miaka thelathini. Tena hakuwa mzee wa kanisa tu. Alikuwa diwani pia, ili aliyoyasema Jumapili yapate kupigiwa kura katikati ya juma.

Ng'ombe wake sabini, hao walichanjwa wote. Maradhi ya mifugo yalipoingia wilayani, Mzee Kolkman ndiye aliyekuwa wa kwanza kumpigia simu daktari wa mifugo, kabla hata majirani hawajamaliza kusoma gazeti. Alipoulizwa, alijibu kwamba ng'ombe hana imani ya kujaribiwa. Watu wakaitikia kwa vichwa, eti hiyo ni hekima.

Mwaka ule surua iliingia kijijini na majira ya kuchipua. Shule yenye watoto mia na ishirini ilibaki na arobaini, na mtoto mchanga wa mtaa wa pili alichukuliwa na gari la wagonjwa, mapafu yamejaa. Dirkje, mama wa binti wa mwaka mmoja na nusu, akafanya kile ambacho hakuna aliyewahi kumwambia kuwa kinafanyika. Alimpigia simu Muuguzi Femke wa kituo cha afya cha Meerden, mji ulio kilomita nane kutoka hapo, akauliza kwa kunong'ona kama kuna njia ya kuingia bila kuonekana.

Njia ilikuwepo. Mlango wa mbele wa kituo umeelekea uwanja wa soko, na Hardersveen nzima hununua samaki pale kila Alhamisi. Mlango wa nyuma uko karibu na banda la baiskeli, na Femke alikuwa na utaratibu wake wa miaka ishirini: kila mtu na saa yake, dakika ishirini katikati, ili mmoja asimwone mwenzake. Hivyo kila aliyepita mlango ule alitoka akiamini kwamba mwenye dhambi ni yeye peke yake.

Siku ya Dirkje, gari la dawa lilichelewa saa nzima. Alipousukuma mlango, chumba kile kidogo kilikuwa kimejaa pomoni. Mwalimu mkuu Gijsbert alikuwa na mapacha wake. Mchinjaji alikuwa na wanawe watatu. Mke wa mtunza kanisa alikuwa amempakata mjukuu. Na kwenye kiti cha dirishani, mkono wa shati umekunjwa hadi begani, alikuwa ameketi Mzee Kolkman mwenyewe.

Yeye hakuleta mtoto. Kanisa lilikuwa limejenga shule huko Uganda, naye ndiye aliyeteuliwa kwenda kuifungua. Pale Entebbe hawakuulizi wewe ni mzee wa kanisa gani. Wanakuuliza kile kitabu cha njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano; huna, unarudi kwenu. Mzee akapima, akaona heshima ya kukata utepe haiwezi kupotea kwa ajili ya kitundu kidogo begani.

Hakuna aliyemsalimia mwenzake. Walikaa dakika hamsini wakitazama viatu. Mke wa mtunza kanisa akatoa peremende, zile wanazopitishiana mahubiri yanapokuwa marefu, na wote wakachukua moja moja, pamoja na Mzee Kolkman. Jumapili iliyofuata alisimama mbele yao akakemea sindano kwa robo saa, nao wakamsikiliza kwa nyuso za watakatifu.

Dirkje angeweza kucheka, na siku ya kwanza alicheka kweli, peke yake jikoni, hadi machozi. Kisha akamkumbuka mdogo wake Teuna, kicheko kikamkauka.

Teuna aliamini. Hakuamini kwa ajili ya majirani, aliamini kama mtu anavyokula mkate. Mwanawe Lubbert alikuwa na miezi minane. Alizaliwa kabla ya wakati, kifua chake dhaifu, akikohoa nyumba nzima inaacha kupumua. Dirkje alipomgusiagusia habari ya chanjo, Teuna alisema wazi: Mzee Kolkman akitamka kwamba inaruhusiwa, ataenda siku hiyohiyo. Asipotamka, ataomba. Na aliomba, asubuhi, mchana na jioni, magoti sakafuni, huku surua ikipita nyumba hadi nyumba kuja mtaani kwake.

Sentensi moja tu ya Dirkje ingetosha. Lakini kuitamka ni kukiri kwamba naye alikuwamo chumbani, na mumewe alikuwa mkamuaji wa ng'ombe wa Kolkman. Mwoga hakosi sababu. Alinyamaza wiki tatu, akawa anaenda kwa mdogo wake kunywa kahawa, anamtazama akipiga magoti, kisha anarudi kwake kumlaza binti aliyekwisha kuchanjwa.

Mwishowe alimfuata mzee zizini. Alimwomba kwa adabu zote aseme neno moja tu kwa Teuna, faraghani, hakuna atakayejua.

"Dada Dirkje," akasema Mzee Kolkman, bila kuacha kumpapasa ndama, "ile ya Uganda ni sheria ya Kaisari. Huyo Lubbert hakuna Kaisari aliyemlazimisha."

"Kwa hiyo ukilazimishwa si dhambi?"

"Dhambi ni kuchagua. Wewe, kwa mfano, ulichagua. Ulikaa kiti cha tatu kutoka mlangoni, nakumbuka vizuri. Mumeo hajambo?"

Dirkje akajibu kwamba mumewe hajambo, akaondoka.

Baraza likakutana Jumatano, saa kumi na moja jioni. Ajenda ilikuwa moja: Muuguzi Femke aliomba ukumbi wa kijiji kwa siku mbili, awachanje watoto dhidi ya surua mlangoni kwao. Mzee Kolkman alikuwa amewaita akina mama waje na watoto wao, wakae kwenye viti vya wananchi, madiwani waone wanawapigia kura akina nani. Teuna akaja kwa sababu ameitwa na mzee wake. Dirkje alikaa kando yake, Lubbert akimtafuna ncha ya skafu.

Daktari wa wilaya akaeleza kwa tarakimu zake. Mzee Kolkman alimshukuru kwa heshima kubwa, akasema sayansi ina mahali pake, ila mahali hapo si ukumbi uliojengwa kwa jasho la waumini. Ukumbi ule ulijengwa kwa ruzuku ya serikali, na aliyetia saini kuipokea ni yeye. Mwalimu mkuu Gijsbert, diwani, akaunga mkono. Mchinjaji, diwani naye, akaunga mkono. "Wenye afya hawahitaji tabibu," akamalizia Mzee Kolkman, na kanisa zima likasema amina ndani ya chumba cha serikali.

Lubbert akaanza kukohoa. Kikohozi kilimshika, hakikumwachia, hadi midomo ikabadilika rangi na Teuna akamsimamisha akimpiga mgongo polepole huku midomo yake mwenyewe ikisali.

Pale kila mwananchi ana haki ya kusema dakika tano. Dirkje akasimama. Meya akamwomba ataje jina, akataja.

"Mzee Kolkman, nina swali moja. Kile kitabu cha njano cha kuingilia Entebbe unacho mfukoni, au umekiacha nyumbani?"

Dirkje hakungoja jibu. Alitaja tarehe, chumba, mlango wa nyuma na peremende. Alimtaja Gijsbert na mapacha wake, akamtaja mchinjaji na wanawe, akajitaja mwenyewe na binti yake. Gijsbert aliichunguza glasi yake ya maji kana kwamba ndiyo kwanza anaiona. Mke wa mtunza kanisa akafungua mkoba, akaufunga.

Mzee Kolkman hakubadilika hata rangi. Alisema ya Kaisari mpe Kaisari, akamwomba meya wapige kura. Waliokataa wakawa tisa, waliokubali wawili, na kila diwani aliyetajwa alikuwa miongoni mwa wale tisa. Nyani haoni kundule, lakini hawa walikuwa wameonyeshwa, na bado wakakataa kwamba ni la kwao.

Nje, kwenye baiskeli, Teuna alikuwa akimfunga mtoto kifuani kwa shuka. Hakulia. Dirkje angefurahi kama angelia.

"Wiki tatu," akasema Teuna. "Unakuja, unakunywa kahawa yangu, unanitazama nikipiga magoti."

Dirkje akasema aliogopa. Akataja kazi ya mumewe.

"Yule ni mnafiki, sawa. Lakini yule si ndugu yangu, Dirkje. Aliyeniacha niombe peke yangu huku anajua ni wewe."

Dirkje akasema atampigia Femke sasa hivi, ampangie saa kesho asubuhi, mlango wa nyuma.

"Wa nyuma kwa nini?" akauliza Teuna. "Nimeiba?"

Kesho yake ilikuwa Alhamisi, siku ya soko. Teuna alivaa kofia yake ya ibada, akamfunga Lubbert kifuani, akapanda baiskeli akapita mbele ya kanisa na mbele ya nyumba ya Mzee Kolkman, ambako pazia lilitikisika. Dirkje alimfuata mita ishirini nyuma. Alijaribu mara moja kumkaribia, na mdogo wake akaongeza mwendo.

Nusu ya Hardersveen ilikuwa kwenye foleni ya samaki. Teuna akakatiza katikati yao, akagonga mlango wa mbele wa kituo. Femke alipofungua na kumwona ni mtu wa kule, mazoea ya miaka ishirini yakamponyoka mdomoni, akanong'ona kwamba waweza kuzunguka nyuma, mama, hakuna tabu.

Teuna akataja jina lake kamili, kijiji chake na jina la mtoto. Akafumba macho, akaomba kidogo palepale kizingitini, na foleni nzima ikimtazama. Kisha akamfunua mtoto paja.

Femke akamwangalia Dirkje, aliyekuwa bado ameshika baiskeli pembeni ya meza ya samaki. Akauliza kama wako pamoja.

Dirkje alimtazama mdogo wake. Teuna hakugeuka. Mchinjaji alikuwa wa tatu kwenye foleni, kikapu mkononi, naye mke wa mtunza kanisa nyuma yake.

"Ndiyo," akasema Dirkje kwa sauti, "ni mdogo wangu," akaiegemeza baiskeli yake ukutani, pale mbele.