Mwano Katika Bustani ya Mwanzagamba

Bujiku alikuwa na tonge la ugali mkononi, limekwisha kuchovywa kwenye mlenda na liko njiani kwenda mahali pake, alipojisikia mwenyewe akipiga yowe huko mjini.

Alilitazama tonge. Kisha akamtazama mkewe, Esteria.

"Baba Nyanjige," Esteria akasema, "yule si wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu anayemaliza mlenda wangu ni nani?"

"Ni mimi pia. Nipe rungu."

Ieleweke, kwa heshima zote, kwamba Usukumani mwano si kelele za kawaida. Mwano ni yowe la hatari. Ukipigwa, kila mwanamume mwenye miguu inayofanya kazi anatoka na silaha yake na kukimbilia unakotokea. Asiyetoka anachapwa. Anayeupiga bila sababu anachapwa zaidi. Na msimamizi mkuu wa uchapaji huo katika mji mdogo wa Mwanzagamba, mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Bariadi, alikuwa Bujiku mwenyewe, kamanda wa sungusungu, mtu ambaye hakuna shahidi aliyewahi kumwona akisamehe hata mbuzi.

Mwano ule ulitoka kwenye bustani mpya ya mji. Bustani hiyo ilikuwa na nyasi zilizoletwa kwa lori, mabenchi ya saruji yanayounguza makalio kuanzia saa nne asubuhi, na katikati yake mlingoti mrefu wenye kamera na vipaza sauti. Ndani ya mlingoti, kama alivyoeleza afisa bustani Joakim siku ya uzinduzi, kulikuwa na akili mnemba. Inaona yenyewe. Inamtambua mgomvi, mwizi na mkanyaga nyasi, kisha inasema naye bila kumsumbua mtumishi yeyote wa serikali.

Mwanzoni ilisema kwa sauti ya mwanamke mpole. "Ndugu mwananchi, tafadhali." Wananchi waliisalimu kwa adabu, "Mwadila, mayu," kama Msukuma anavyomsalimu mama mchana, wakaendelea kulisha mbuzi wao pale pale. Ndipo Joakim akaenda kwa Bujiku na kinasa sauti.

"Kamanda, hapa watu wanaogopa sauti moja tu."

"Ya nani?"

"Yako."

Bujiku alijikohoza kama askofu. Mchana kutwa alikaa mbele ya kile kidude akiambiwa aseme kama anavyosema siku zote kwenye tukio. Naye akasema. Mzungukeni. Msimwache. Vunjeni miguu, tuone atakimbia na nini. Joakim alijikuna shingo kidogo, lakini mtambo hauna shingo. Ulijifunza yote, mpaka ukaweza kutunga kwa sauti ya Bujiku maneno ambayo Bujiku hajawahi kuyasema.

Sasa alikuwa anakimbia kujifuata mwenyewe. Wanaume walimiminika kutoka kwenye mzani wa pamba, kutoka mashine ya kusaga, kutoka zizini, wengine na mapanga, wengine na fimbo za ng'ombe, kinyozi mmoja na mkasi. Juu ya mapaa ya bati sauti ilinguruma:

"Shati jekundu! Yuko katikati ya nyasi, ana jembe. Anataka kumpasua mwenzake kichwa. Mzungukeni."

Bujiku, tuseme ukweli, alijisikia fahari. Hakujua kwamba ana sauti nzuri hivyo.

Walipoingia bustanini, vumbi lilikuwa limetanda na watu walikuwa wakitawanyika. Mmoja tu ndiye aliyebaki wima, mgongo kwao, shati jekundu, uso ameuelekeza juu kabisa kama anayeomba mvua. Kwa desturi, rungu la kwanza ni la kamanda. Bujiku akalishusha kwa mkono wake wa kushoto, mkono alioupenda kwa kazi hiyo, katikati ya bega na shingo. Mfupa ulilia kama muwa.

Hapo ndipo jembe lilipotua kutoka mbinguni. Lilianguka kwa ncha, likapita kwenye mguu wa kijana mwenye ngoma aliyekuwa amechelewa kukimbia, likasimama wima kwenye nyasi za serikali na kidole kimoja cha kijana huyo pembeni.

Mwenye shati jekundu akageuka akiwa amepiga magoti. Alikuwa Mabula, mtoto wa dada yake Bujiku, manju wa kikundi cha ngoma ya bugobogobo. Walikuwa wanafanya mazoezi. Na katika bugobogobo, kama kila mtoto wa Simiyu ajuavyo, jembe hurushwa juu, na aliyelirusha hawezi kuondoa macho mpaka alidake, hata dunia ikimwangukia. Mtambo ulisomeshwa mbali, mahali ambapo inaonekana jembe halichezwi.

"Mjomba," Mabula akasema. "Nimekosa nini?"

Bujiku hakupata nafasi ya kujibu, kwa sababu wenzake walishafika. Fimbo ya kwanza ilimpasua Mabula sikio. Ya pili ikavunja mkono aliouinua kujikinga. Akaanguka, wakamfunika, na kutoka chini ya miguu ile Bujiku alisikia mapigo ambayo kwa miaka mingi alikuwa ameyasikia kutoka upande wa juu tu.

"Acheni," akasema. "Ni mazoezi. Ni ngoma, jamani, acheni."

"Msimwache," Bujiku wa juu akasema. "Shati jekundu amemkata mwingine mguu. Vunjeni miguu."

Bujiku wa chini akamkamata mkono Ndalahwa, msaidizi wake, mtu mnene anayependa sheria kuliko chakula. "Ndalahwa, waambie waache."

"Kamanda amesema tusimwache."

"Kamanda ni mimi."

"Najua, kamanda. Tunakusikia vizuri sana." Akajinasua, akaingia tena kazini.

Huo ndio ulikuwa ugumu wenyewe. Kadiri walivyompiga, mtambo uliona ugomvi. Kadiri ulivyoona ugomvi, ulizidi kuita. Na kadiri ulivyoita, vijiji vya jirani vilizidi kufika, vikiwa na nguvu mpya na havina habari. Bujiku alipiga kelele mpaka koo likakwaruza. Lakini koo la mtu lina nyama, na vipaza sauti vilikuwa vinne. Mabula alikuwa ameacha kujikinga. Damu ilimtoka puani na mdomoni, na miguu yake ilirukaruka kidogo tu kila ilipoguswa, bila yeye.

Pigo moja zuri la kichwani, Bujiku alijua, na dada yake angekuwa hana mtoto. Alijua kwa sababu mara nyingi pigo hilo alilitoa yeye.

Akajitupa juu ya Mabula. Rungu lilimvunja ubavu, hakujali, akashika ukosi wa lile shati kwa mikono yote miwili na kulivuta mpaka vifungo vikaruka. Akalichomoa, limelowa, akalivaa. Halikumtosha. Mikono ilimfika kwenye viwiko na tumbo likabaki nje, na katika hali hiyo isiyo na heshima hata kidogo kamanda wa sungusungu wa Mwanzagamba alisimama, akaliokota jembe, akaliinua juu ya kichwa chake na kuanza kukimbia.

Mtambo ulikuwa mtiifu. Ukageuza jicho.

"Shati jekundu anatoroka. Anaelekea kwenye mabenchi. Ana jembe."

Kundi lote likamwacha Mabula na kulifuata shati. Bujiku alipiga mbio kwa miguu ya mtu wa miaka hamsini na zaidi aliyekula nusu chakula, akiwavuta mbali, akipita kwenye maua, akiruka benchi la kwanza na kushindwa la pili. Alianguka kifudifudi. Walimpiga mgongoni, mapajani, kwenye nyayo. Aliisikia amri kutoka juu, kwa sauti yake, kwa lafudhi yake, hata na ule mguno mdogo anaoutoa kabla ya kusema neno zito, ikiwaambia wavunje miguu. Walivunja mmoja. Alipojigeuza kusema jina lake, Ndalahwa alimpiga rungu la taya.

Taya likahama. Meno matatu yakatoka pamoja na neno alilotaka kusema.

Ndalahwa akainua rungu tena, kisha akaona uso. Aliutazama ule mdomo uliojaa damu, umepinda upande, hauwezi kusema chochote. Na juu yake, wazi na yenye afya, sauti ya mdomo huo huo ikasema: "Mpigeni. Huyo huyo."

Rungu likamponyoka Ndalahwa. Mtu wa pili akatazama, na wa tatu, na ukimya ukaenda ukisambaa hadi kwa waliokuwa wanafika tu na kuuliza mwizi yuko wapi. Hakuna aliyeinua mkono. Hata kinyozi alificha mkasi wake nyuma.

Mtambo ulitafakari.

"Asanteni, wananchi," ukasema kwa sauti ya Bujiku. "Amani imerejea. Tafadhali msikanyage nyasi."

Watu wote wakatazama miguuni, na baadhi, Mungu awasamehe, wakasogea.

Hospitalini walimfunga Bujiku taya kwa waya. Ndalahwa alikuja akasimama mlangoni, kofia mkononi, akaeleza kwa huzuni kwamba kikao kimekaa: mwano ulikuwa wa uongo, na sheria inamtaka aliyeupiga.

"Mashahidi wote wanasema sauti ni yako, kamanda. Hilo huwezi kulikana."

Kwa kweli hakuweza.

"Tutasubiri mguu uunge," Ndalahwa akasema. "Hatuchapi mtu mwenye plasta. Si ustaarabu."

Alipoondoka, Mabula alikuja kutoka wodi ya pili, polepole, mkono umefungwa shingoni, sikio limeshonwa kama mpira wa mtaani. Akaketi kitandani na bakuli la uji na mrija.

"Mama anasema ulivaa shati langu," akasema. "Anasema nikushukuru."

Bujiku akafumba macho.

"Lakini rungu la kwanza, mjomba. Mji mzima huu hakuna mwingine anayepiga kwa kushoto."

Akauingiza mrija katikati ya meno ya mjomba wake na kuinamisha bakuli. Uji ulikuwa umetoka jikoni wakati huo huo, unafuka moshi. Mabula alilijua joto lake, maana bakuli lilikuwa linamuunguza vidole. Bujiku alimtazama machoni, machozi yakimtiririka, akavuta, akameza, akavuta tena.