Opera ya Kumlainisha Baba

Ermete Zanfrini alirudi kutoka chuo cha Padova akiamini kwamba hakuna moyo usiolainika kwa shairi zuri. Kwa hiyo dada yake Oliva alipomjia akilia, alimpa leso na kumwambia aache wasiwasi.

"Baba amekataa tena Tiberio anioe," Oliva alisema. "Eti wapiga zumari hufa vijana, mapafu yao matambara, na yeye hataki binti mjane. Tiberio anasema tutoroke. Kaka, mimi siwezi kumkimbia baba. Basi wiki ijayo Tiberio ataondoka peke yake."

"Niachie mimi. Si mimi ninayemwandikia Mtawala opera? Nitaweka humo baba mkaidi, binti mtiifu na mchumba maskini. Baba atajiona jukwaani, atalia, atakubali."

"Baba halii hata akikata vitunguu."

"Hajasikia mashairi yangu."

Maombi yote ya binti aliyatia katika maongezi ya tendo la tatu, yale yanayoimbwa kana kwamba yanasemwa. Nyimbo aliziona mapambo tu; ukweli, alimweleza hata kinyozi wake, hukaa kwenye maongezi.

Siku ya opera alisimama nyuma ya vyumba vya wakubwa, vile vidogo vinavyotazama jukwaa, karibu na baba yake, Mzee Baldassarre, msimamizi wa barafu na vitamu vya kasri. Tendo la tatu likafika. Binti akapiga magoti, akafungua kinywa. Papo hapo milango ya vyumba vyote ikafunguka.

"Barafu ya malimau huku, Baldassarre!"

"Na sisi je, tumekufa?"

Vijiko vikaanza kulia. Ermete akakumbuka, kwa kuchelewa, jambo ambalo kila mtoto wa mji wao wa Castelvigna alilijua, na yeye zaidi, aliyelelewa kwa mshahara wa barafu hiyo: wakati wa maongezi watu hula.

"Baba, sikiliza kidogo, hapa ndipo..."

"Toka njiani, msomi, zinayeyuka!"

Mistari iliyomkondesha ikasikiwa na mpiga kinanda peke yake, naye akapiga mwayo.

Lunardi, towashi mwenye sauti ya juu kama ya mwanamke, aliyeimba sehemu ya mchumba, alichukia kutotazamwa. Akawaashiria wapigaji ala, Tiberio akiwa mmoja wao, akatoa wimbo wake wa sandukuni, ule ambao waimbaji wakubwa huubeba mji hadi mji na kuupachika popote wapendapo. Ulihusu ndege anayemlilia mwenzake. Ermete akafumba macho kwa aibu.

Vijiko vikanyamaza. Lunardi akaishika sauti moja ya juu, akaivuta. Zumari la Tiberio likaishika pamoja naye, likavuta. Uso wa Tiberio ukawa mwekundu, kisha zambarau. Watu wakasimama. Lunardi akaishiwa pumzi. Zumari likaendelea, likaendelea, hata mama mmoja akapiga kelele, "Jamani, mwacheni apumue!"

Mzee Baldassarre alikuwa amesimama na sinia tupu, mdomo wazi.

"Ndiye yule wa Oliva?"

"Ndiye, baba."

"Na mapafu yale? Huyo atatuzika sote!" Akacheka mpaka sinia likatetemeka. "Kamwite dada yako, nimwambie achukue mume. Na hii opera ndiyo yako?"

"Yangu, baba."

"Hongera, mwanangu. Mimi nilikuwa kazini. Ilihusu nini?"



"Ndege, baba," Ermete akasema, akaenda kumtafuta Oliva.