Matanga ya Mama Yake Leokadia

Jumamosi hiyo Leokadia alikuwa anasonga ugali katika fleti yake ya ghorofa ya tisa, huko ughaibuni Etobicoke, redio ikitangaza theluji nyingine, simu ilipolia. Alikuwa kaka yake, anapiga kutoka Busia. Mama amefariki, alisema, wanamzika Alhamisi. Leokadia akazima jiko. "Mama amefariki," akarudia, apate kulisikia mwenyewe, na nyuma ya friji watu wakaangua kicheko.

Alikuwa amewazoea. Huko Nairobi alicheza dansi na bendi ya hoteli, akatangaza sabuni redioni, akazunguka shule za bweni na michezo ya kuigiza, kisha kwa miaka tisa akawa Mama Mkwe kwenye kichekesho cha televisheni cha kila Jumatano, yule wa kuangua kilio kwa jambo lolote. Mwaka wa tisini na tatu Mama Mkwe akamlilia kama maiti waziri aliyekuwa mzima wa afya. Kazi ikaisha, pasipoti ikatafutwa mbio mbio, na wachekaji wa studio, wale waliorekodiwa kuchekea kila kilio chake, wakaja naye. Kulikuwa na mwanamke wa kuchekea puani, na mzee mmoja aliyeelewa mzaha wengine wakishanyamaza. Leokadia akisema chumvi imeisha, wanacheka. Kwenye nyumba ya wazee alikoosha na kulisha watu, msimamizi aliomba tu wapunguze sauti wakati wa usingizi. Na tusidanganyane, jioni nyingi hakuwa na wengine wa kukaa nao.

Kwenda kuzika hakuweza. Kesi yake ya ukimbizi ilikuwa haijaamuliwa, na akitoka, harudi. Alichotaka ni kimoja tu: apatikane hata mtu mmoja wa kumlilia mama pamoja naye. Akampigia Elkana, mwenyekiti wa chama cha Wakenya.

"Woi, pole sana, dada," Elkana akaanza. Kisha kicheko kikamfikia kwenye simu, naye akashindwa kujizuia. "Wewe Mama Mkwe wewe! Tunakuja."

Kweli walikuja. Viatu vikajaa mlangoni, masufuria ya wali jikoni, chai ya tangawizi ikazunguka. Wakasali vizuri, kisha wakamwachia mfiwa aeleze habari za marehemu, kama ilivyo desturi.

Leokadia akasimama. Akasema mama aliuza mitumba sokoni na hakuwahi kuwa na televisheni. Jumatano alikuwa akisimama nje ya duka la redio kumtazama bintiye kupitia kioo. Watu wote pale wakicheka, yeye analia. Walimwambia, mama, huo ni mchezo tu. Akawajibu kwamba anajua ni mchezo, lakini mtoto wake akilia, yeye hawezi kucheka.

Hapo kilio kikamtoka. Kilikuwa kile kile cha Jumatano, maana hakuwa na kingine. Hicho ndicho alichozaliwa nacho. Nyuma ya friji wakalipuka, na sebule nzima ikawafuata. Elkana alijipiga mapaja kwa viganja. Mtu akamwaga chai.

Zarina tu, jirani wa mlango wa pili, mzaliwa wa Kisumu, alikuwa ameinama, mabega yakimtetemeka, machozi yakimdondokea mapajani. Leokadia akamwona, na moyo wake ukatulia. Nimempata, akajiambia. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, akamshika mikono yote miwili.

Zarina akainua uso. "Mbavu zangu, dadangu," akasema, akihema. "Utaniua wewe!"

Walipoaga, kila mmoja alimkumbatia na kumshukuru. Hakuna aliyeuliza jina la marehemu. Elkana alibaki nyuma akitafuta kofia yake.

"Mwezi ujao tuna harusi Mississauga," akasema. "Hiyo ya mama dukani tuletee, usibadilishe hata neno."

Leokadia akapangusa macho kwa kanga, akamuuliza inaanza saa ngapi.