Majani Si Mpunga

Hasira za Maman Mukabaranga zilivuma Bugarama nzima. Wanasema aliwahi kumkemea mbuzi, kesho yake mbuzi akatoa mtindi. Sasa fikiria siku alipofika kwenye shamba la bangi ya dawa, lile lenye kibali na uzio wa tabaka mbili, akakuta majani yake yameanikwa kwenye turubai, saa sita kamili, jua linawaka.

Misimu miwili alikuwa amemganda mkurugenzi Bruno. Maua yanapelekwa Ulaya kwa watengeneza dawa. Majani yanachomwa, magunia kwa magunia. Yeye, aliyekamua mafuta ya mchaichai miaka ishirini, alisisitiza kuwa majani nayo yana dawa: yakaushwe kivulini, yaloweshwe kwenye spiriti, spiriti ichemshwe itoke, mvuke wake unaswe itumike tena, moto uwe wa pumba za mpunga, makapi yarudi shambani. Bruno alikubali jaribio moja tu. Ijumaa mkaguzi wa dawa angechukua chupa ya mafuta hayo akaipime. Ikishindwa, majani yarudi motoni, na wanawake tisa wa banda la majani warudi nyumbani.

"Nani kaanika?"

"Ni mimi, Maman," alijibu Papa Habineza, mlinzi wa banda, aliyezeekea kwenye mashine ya mpunga. "Niliona iko na maji maji. Kitu ya maji maji si tunaanika?"

"Huu ni mpunga? Utaula na maharage? Jua limekunywa dawa yote! Na jua lenyewe haliumwi mgongo!"

Bruno akaja anacheka. "Maman, tulia. Tutatia matone ya mafuta ya maua kwenye chupa. Mkaguzi atajulia wapi?"

Hapo hasira ikamwacha Habineza, ikahamia kwa Bruno.

"Ndiyo! Mwaka kesho majani yashindwe kufikia uongo wako, useme batu bayachome tena!"

Maman akakamua majani yale yale yaliyopauka. Ijumaa akamkabidhi mkaguzi chupa, ameandika juu yake: *Yalianikwa juani. Kosa letu.*

Mkaguzi akaiinua kwenye mwanga. "Hii ni dhaifu, Maman."

"Dhaifu, ndiyo. Lakini ni ya majani matupu. Nipe wiki tatu, nikupe ya kivulini."

Mkaguzi akaandika: jaribio lirudiwe. Gari lake lilipotoka, Bruno akafoka, "Na nikiyachoma leo?"

Maman akaketi juu ya magunia ya majani mabichi, akakunja mikono. "Washa. Anza na mimi."

Papa Habineza akakohoa, akavuta gunia lake, akaketi kando yake.

"Na mimi," akasema. "Ila niko mbichi, nitatoa moshi mingi."

Maman hakucheka. Bado alikuwa amemkasirikia.