Urefu wa Leonce

Jumanne moja ya Machi 2013, Leonce Rwegasira aliamka akakuta miguu yake imetoka nje ya blanketi hadi vifundoni. Alikuwa amelala na futi tano na inchi sita, akaamka na futi sita na inchi mbili. Mkewe Clementina alimpima kwa utepe wa kushonea, akaandika nyuma ya mlango wa jikoni, kisha akamtolea suruali ya mtu mrefu. Kabatini walikuwa nazo za saizi nne, zote zimepigwa pasi.

Sababu waliijua. Jana yake, kwenye daraja la waenda kwa miguu linalotoka stesheni hadi maghorofa ya Crescent Town, jijini Toronto, polisi alimsalimia Leonce, akamwuliza jina lake, anakotoka na anakokwenda, akajaza kadi. Leonce hakuwa na kosa. Kadi zilijazwa ili siku uhalifu ukitokea pawe na pa kuanzia. Urefu hawakuuliza, walikadiria tu kwa macho, na mwili wa Leonce ulikuwa mtiifu. Kadi ikishaingizwa kwenye kompyuta, baada ya saa chache mwili ulifuata kilichoandikwa. Mwaka uliotangulia alikaa na kitambi wiki tatu, na alipata kovu shavuni lililotoweka pale polisi mwingine aliposahau kuliandika.

Huko Agincourt, mtaa mwingine wa jiji hilohilo, alikuwa akichonga lenzi za miwani katika karakana ya Mehboob, Mwismailia mzaliwa wa Mwanza. Mehboob alipomwona akiinama mlangoni aliagiza matofali manne ya kuinulia meza.

"Afadhali urefu, bwana," alisema. "Wakati ule wa kitambi, droo ilikuwa haifunguki."

Mehboob aliingia Toronto mwaka 1972 akiwa na futi tano na inchi nane, na alikuwa nazo mpaka leo, kwa sababu hakuwahi kusimamishwa hata siku moja. Alimhurumia Leonce kwa dhati, kisha akarudi kunywa chai yake.

Kilichomponza Leonce ni malezi mema. Binti yao Gift, aliyekuwa mwaka wa pili akisomea sheria, alimweleza mara nyingi kwamba kama hajakamatwa yuko huru kuondoka, na kwamba sheria huyaita maswali yale mazungumzo ya hiari. Leonce aliielewa haki hiyo vizuri, ila kuitumia ndiko kulikomshinda. Kwao Kamachumu mtu akikusalimia unasimama, unaitikia, na unauliza ya nyumbani kwake. Akiulizwa anakotoka alianzia kwenye ukoo. Kadi yake moja ilikuwa na kurasa tatu.

"Dad, you just walk away," Gift alisema.

"Mtu kanisalimia, mwanangu. Naondokaje?"

Safari hii lakini ilimuuma. Jumamosi mama yake, Adventina, angewasili baada ya miaka kumi na miwili ya kusikilizana kwenye simu. Alikuwa na umri wa miaka themanini na mbili na mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Yeye na mwanawe walikuwa wa kimo kimoja, na walipokumbatiana mashavu yalikutana bila mtu kuinama. Leonce angeweza kuinama, lakini anayeinama hujulikana kwamba anainama. Aliogopa kwamba mama angekumbatia kifua cha mgeni, amshukuru kwa adabu, kisha amwulize mwanawe yuko wapi.

Alhamisi yeye na Gift walikwenda ofisi ya malalamiko. Mwanamama mmoja mpole alitandaza mezani kadi ishirini na moja, akazisoma zote. Akaeleza kwamba upande mmoja upo usalama wa umma, upande wa pili zipo haki za mtu mmojammoja, na sheria haiegemei popote bali hutafuta katikati. Alichukua kikokotoo. Katikati ya Leonce ilikuwa futi tano na inchi tisa na nusu.

"Hiyo naweza kukupa," alisema.

Leonce aliuliza kama kadi haziwezi kufutwa. Mwanamama alijibu kwamba zinaweza, lakini zikifutwa zote Leonce angebaki na urefu gani? Yeye binafsi hakuwa na moyo wa kumwacha mkazi katika hali hiyo. Gift aligonga meza, akapewa fomu ya wanaogonga meza.

Walirudi mikono mitupu, na jioni hiyo walianza mazoezi ya kupita bila kusimama kwenye korido ya nyumbani, ili kadi nyingine isimharibie Jumamosi. Gift alijifanya polisi. Mara ya kwanza baba yake alimpita hatua tatu, akarudi kumwuliza kama mama yake hajambo. Mama mwenyewe, Clementina, alikuwa jikoni anamenya ndizi, akaitikia kwamba hajambo. Mara ya tisa alipita moja kwa moja, machozi yakimlengalenga.

Jumamosi saa sita mchana, darajani, polisi alimtakia siku njema, akamwuliza hali. Leonce alitazama mbele, akapita. Aliitumia haki yake kwa hatua kumi na nne. Ya kumi na tano ilimkuta polisi amekwisha kumzibia njia, akitaka kujua kwa nini anakwepa. Mtu asiye na la kuficha, alisema polisi, akisalimiwa husimama. Leonce alikubaliana naye kabisa, na aibu ikampata. Polisi akaandika kwamba mtu huyu amekwepa salamu na kwamba anatia shaka. Kwenye urefu, kwa kuwa aliandika tu alichokiona wakati wa tukio, na alichokiona ni mgongo ukienda zake, aliandika: haujulikani.

Saa tisa alasiri, uwanja wa ndege, Leonce hakuwa mrefu wala mfupi. Suruali ilimkaa. Adventina alisukumwa nje kwa kiti cha magurudumu, akasimama, akanyoosha mikono hewani. Shavu lake likakutana na shavu la mwanawe, sawasawa.

"Hujabadilika," alisema kwa Kihaya, na Leonce akalia mbele za watu.

Mehboob, aliyejitolea kuwapeleka kwa gari lake, aliwarudisha Crescent Town. Walipokuwa wakishusha mizigo mbele ya maghorofa, polisi kijana alikuja, akawasalimia kwa upole, akawauliza Leonce na mama yake wanatoka wapi.

"Bibi, you can just walk away," Gift alisema.

Leonce alimtafsiria mama yake neno kwa neno.

"Nimwache mtoto wa watu, kanisalimia?" alisema Adventina.

Aliushika mkono wa polisi kwa mikono yake miwili, akamwuliza kama mama yake yu mzima, kisha akaanza kueleza ukoo wake tangu kwa babu wa babu, polepole, ili kijana asikosee. Leonce alitafsiri. Polisi alitoa kadi na kalamu, akamtakia Mehboob jioni njema.

Clementina aliyaona hayo kutoka dirishani. Alichukua utepe wa kushonea, akaenda kabatini kuangalia magauni yaliyopo ni ya saizi ngapi.