Isale Kiganjani

Jani la kwanza lilimtoka Aminiel Jumatatu ya pili ya mwezi wa sita, saa kumi na mbili na robo asubuhi, akiwa anampaka Brightness mafuta ya mgando miguuni. Arusha mwezi wa sita si mchezo. Baridi inashuka kutoka mlimani bila kubisha hodi, na mtoto wa miaka minne asipopakwa vizuri anarudi kutoka chekechea amepauka kama aliyelala kwenye unga. Aminiel alikuwa amefika kwenye goti la kushoto.

"Baba, unanikwaruza," Brightness akasema.

Akageuza kiganja cha kulia, akatazama. Katikati, pale mistari miwili inapokatana, jani la kijani lilikuwa limechomoza, jembamba, urefu wa kidole cha mtoto. Halikuuma wala halikutoa damu. Akalifuta mafuta, akamalizia goti la kulia kwa mkono wa kushoto, akamvalisha mwanawe soksi. Maji ya chai yalikuwa yanachemka.

"Hilo ni isale," mkewe akasema alipoliona, huku anamimina chai kwenye chupa.

Mtu yeyote aliyelelewa uchagani angelitambua. Ndilo jani linalopandwa mipakani na makaburini, na ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu unalifunga fundo, unampelekea. Naye akishalipokea, hata kama ulimchomea nyumba, hana ruhusa ya kukataa. Mkewe huyo, Mama Aikande, hakuuliza ni la nani. Alimwambia tu alikate kabla hajafungua duka, maana watu wanapenda kupokea dawa kwa mkono safi.

Aminiel ana duka la dawa pale Kijenge, na wateja humwita daktari, cheo ambacho alishachoka kukikana. Alilikata kwa mkasi mdogo anaokatia vidonge. Ilipofika adhuhuri lilikuwa limerudi, refu kama kalamu.

Sasa shida ya jani la kiganjani ni kusalimiana. Mtu hawezi kukaa Arusha siku nzima bila kupeana mikono. Wa kwanza alikuwa Romanus, Mrombo mwenye duka la saruji na mabati upande wa pili. Alipolihisi jani akavua kofia.

"Basi, Aminiel. Yameisha. Ule mfereji nimeshausahau."

Aminiel hakujua kama Romanus alikuwa na kinyongo juu ya mfereji. Akashukuru. Ndani ya wiki mbili akawa amesamehewa na watu kumi na mmoja: mwenye nyumba, kwa kelele za jenereta, mwinjilisti, kwa kusinzia ibadani, Brenda wa saluni, kwa dawa ya chunusi iliyomletea chunusi, na mzee mmoja wa Marangu ambaye alikuwa amemfananisha na mtu mwingine. Mkewe naye akalipokea, likiwa na fundo, mezani baada ya chai ya jioni. Akamsamehe mambo manne, akiyataja kwa vidole, na mawili kati ya hayo Aminiel hakuwahi kufikiri kuwa ni makosa. Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Asubuhi jani likatoka upya.

"Basi kuna mwingine bado," Mama Aikande akasema.

Kulikuwa na mwingine kweli, na Aminiel alikuwa akimjua tangu goti la kushoto la Brightness.

Mambo yalikuwa hivi, na tuyaseme sisi, kwa kuwa mwenyewe hajayasema. Aminiel ni baba wa mabinti wawili, na kazi hiyo anaipenda, tena anaijua. Yeye ndiye anayewaogesha, yeye ndiye aliyelitupa juu ya bati jino la kwanza la Aikande, na Jumamosi huwafumua nywele barazani huku vijana wa bodaboda wakimtania, "Daktari, na mimi nifanyie mistari." Mkewe humsifia kwenye kikundi cha akina mama mpaka wenzake wanaguna. Aminiel anazijua sifa hizo zote, neno kwa neno.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano Mama Aikande alikwenda Nkoaranga kumwangalia mama yake aliyelazwa. Aikande, mwenye miaka minane, aliachiwa vyombo. Aminiel akamshika Brightness mkono wakanunue mkate. Duka la mkate liko kushoto kwao. Baa yenye televisheni kubwa iko kulia, na siku hiyo kulikuwa na mechi. Akamkalisha mtoto kwenye kreti, akampa soda ya machungwa na mrija. Penalti zilipoanza watu wote walisimama. Zilipokwisha, kreti lilikuwepo, chupa ilikuwepo, mtoto hakuwepo. Macho yote yalikuwa kwenye televisheni, hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumwona.

Alimtafuta kwa saa tatu. Haki yake tusimnyime: alikimbia mpaka akapoteza ndala, na alilia kweli, mbele za watu. Aliyempata mtoto ni Sinyati, mama anayeleta maziwa Kijenge kutoka Olmotonyi. Alimkuta bondeni, hatua chache kutoka mtoni, amekaa juu ya jiwe na kiatu kimoja, anaimba. Akambeba mgongoni mpaka kwao, akaingia uani saa ile ile Mama Aikande anashuka kwenye bodaboda. Nusu ya mtaa ilikuwa imejaa pale.

"Huyu mtoto alikuwa na nani?" Sinyati akauliza. Hakuuliza kwa ubaya.

Mama Aikande akamgeukia mumewe. Aikande alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko, povu la sabuni limempanda mpaka kwenye viwiko. Aminiel akafungua mdomo.

"Nilimwachia dada yake," akasema.

Aikande akamtazama, akasubiri, maana alidhani baba hajamaliza kusema. Aminiel alikuwa amemaliza. Mama, ambaye hofu ilikuwa bado haijamtoka, akavunja fimbo ya mpera, akamchapa mtoto pale pale. Na aliyesema "basi, inatosha" ni Aminiel, mpaka majirani wakamwona ana huruma.

Tangu siku hiyo Aikande akawa ndiye aliyempoteza mdogo wake. Mashangazi waliambiwa, shuleni wakajua. Zamani alikuwa akimbeba Brightness mgongoni kama mzigo wa kuni na kumpeleka chekechea kila asubuhi. Sasa akakatazwa hata kumshika mkono barabarani. Akawa anatembea hatua tatu nyuma yao, na begi lake. Brightness mwenyewe alisema mara mbili kwamba yeye alikuwa na baba kwenye tivii. Watu wazima wakacheka, wakasema masikini, bado ana mshtuko.

Hilo ndilo lililokuwa kiganjani.

Mwezi wa saba Aminiel alisafiri hadi Machame kumpelekea jani kaka yake, Elifuraha, kwa matumaini kwamba huenda likawa la ugomvi wao wa zamani wa kihamba, shamba la urithi. Elifuraha alilipokea, akamsamehe, akamchinjia jogoo. Lilipochipua tena kabla supu haijapoa, alilitazama huku anatafuna.

"Hili si langu. Mtu wako yuko nyumbani kwako."

"Baba anaweza kumpa mtoto isale?" Aminiel akauliza.

Elifuraha akaweka mfupa kwenye sahani. "Sijawahi kuona," akasema. "Lakini sijawahi kuona na linaloota mkononi."

Aminiel akarudi Arusha ameamua. Dukani, akikata vidonge, alifanya mazoezi: Aikande, si wewe, ni mimi. Maneno matano. Dukani yalitoka bila shida yoyote. Akifika nyumbani, mkewe anampokea mfuko, anamwita baba watoto, anamwambia kwamba mama yake aliyekuwa amelazwa amepiga simu kumshukuru Mungu kwa kupata mkwe wa namna hiyo. Na maneno matano yanarudi tumboni, yanakaa. Aibu ilimshika vibaya. Akawa ananawa uso bila kujitazama kwenye kioo, na ananyoa ndevu kwa kupapasa.

Sinyati aliendelea kuleta maziwa. Alikuwa akimpimia, akimtazama kiganja, akienda zake. Siku moja tu ndipo aliposema neno.

"Kwetu mtu akikosa, hushika majani mabichi mkononi, anamwendea mwenzake. Ila kwetu mtu ndiye anayeyashika. Hili lako limekushika wewe." Akafunika ndoo yake, akaenda kwa jirani.

Kulikata kwa mkono wa kushoto ni kazi, hivyo tangu mwanzo wa mwezi wa nane Aikande ndiye aliyekuwa akilikata. Hakuna aliyemtuma. Aliona baba anahangaika na mkasi, akauchukua. Kila asubuhi hukaa barazani, kiganja cha baba juu ya paja lake, ulimi nje kidogo, anakata kwa uangalifu karibu kabisa na ngozi, kisha anapuliza. Aminiel alizipenda dakika hizo kuliko zote za siku, na aliziogopa vilevile.

Jumamosi moja Aikande alikuwa ameanza tu kulishika.

"Aikande, mama," Aminiel akasema. "Ile siku ya Brightness..."

Mtoto akasimamisha mkasi. "Nisamehe baba. Sitarudia."

"Hapana, sikiliza. Wewe unakumbuka ilikuwaje?"

"Nakumbuka. Uliniachia nimwangalie. Mimi nikawa naosha vyombo, nikamwachia mkono, akatoka getini." Alisema bila kusita, kama anayekariri shairi darasani. "Alikuwa amevaa sweta jekundu. Nilimwona anatoka, nikasema acha nimalize sufuria."

Hakukuwa na sufuria yoyote ya namna hiyo. Aminiel akamtazama mwanawe usoni, akitafuta kama anamfunika baba yake. Hakuona kitu. Mtoto alikuwa ameambiwa jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba alikuwa ameshalikumbuka.

Maneno matano yalikuwa pale pale, yamefika kwenye meno.

"Baba, leo hili naliomba," Aikande akasema. "Nipe."

Aminiel akasema, "Chukua," upesi, kabla hajabadili mawazo. Aikande akalikata, na Aminiel mwenyewe, kwa mkono mmoja na meno, akalifunga fundo, akamwekea kiganjani. Akalipokea. Aminiel akageuza mkono wake: ngozi ilikuwa laini, haina hata kovu. Akakaa pale barazani na pumzi ikashuka mpaka chini, pumzi ambayo hakuwa ameivuta tangu mwezi wa tano. Akajiambia kwamba jani limefika kwa mwenyewe, na limefika bila maneno. Pengine maneno hayakuwa ya lazima. Alikaribia kuimba.

Aikande akainuka, akaingia ndani. Brightness alikuwa sakafuni anamvalisha mdoli. Aikande akapiga magoti mbele yake, akamnyooshea jani kwa mikono miwili, kama alivyokuwa ameona wakubwa wakifanya.

"Brightness, nisamehe. Nilikupoteza."

Brightness akalitazama jani, akamtazama dada yake. "Sawa," akasema. "Utanipa biskuti?"

"Nitakupa."

"Basi nimekusamehe." Akamfungia mdoli lile jani kiunoni, likawa kitenge.

Mama Aikande alikuwa mlangoni na kikapu cha nguo. Akakiweka chini, akakaa juu yake, akalia machozi ya furaha. Akamwita Aikande, akamkumbatia, akamwambia kuanzia Jumatatu atamshika tena mdogo wake mkono kwenda chekechea. Aikande akarukaruka. Kisha mama akainua macho, akamwona mumewe amesimama nyuma yao.

"Umeona mtoto wako? Mwenyewe, bila kulazimishwa. Hilo kajifunza kwako, baba Aikande. Mkono wako huo ndio uliomfundisha."

"Ee," Aminiel akasema.

Chakula cha mchana kilikuwa ndizi. Alipokuwa anapokea sahani jani lilikuwa limeshachungulia tena, na mkewe akamsogezea kijiko upande wa kushoto, alivyozoea.

Habari nzuri haikai ndani. Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya watoto usharikani kwao, na Mama Aikande alikuwa amemsimulia mwalimu wa shule ya Jumapili. Mwalimu akamwita Aikande mbele. Alikuwa amevaa gauni la njano na soksi zenye maua, na Brightness akamfuata bila kuitwa, wakasimama mbele wameshikana mikono.

"Watoto, mtazameni mwenzenu," mwalimu akasema. "Huyu alimpoteza mdogo wake. Alikosea. Lakini hakujificha, hakusingizia mtu. Alikiri, akaomba msamaha, mwenyewe. Tumpigie makofi."

Kanisa zima likapiga makofi, wakubwa kwa wadogo. Aikande akatafuta kwenye mabenchi mpaka akamwona baba yake, akamtabasamia. Aminiel akasimama, akapiga makofi kwa nguvu kuliko wote waliokuwa karibu naye. Lakini kwa sababu ya jani katikati, ya kwake hayakutoa sauti.