Telegramu ya Villads Krull

Mwaka ule wa hamsini na nane, Dagny Krull alifika kwa mwalimu Thyra Bundgaard saa nne asubuhi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, telegramu ameifumbata kiganjani. Thyra alifundisha Kiingereza katika shule ya mabaharia hapa Marstal, Denmark, na ndiye aliyetufasiria barua za nje sisi tusiojua.

"Nisomee, mwalimu. Haraka, moyo unanienda mbio."

Karatasi ilitoka kwa wakala wa meli mjini Cardiff, maneno machache tu ya Kiingereza: Villads Krull, discharged, Jumanne. Barua inafuata.

Thyra akaisoma tena. Wiki mbili nyuma nahodha wa meli ya Villads, mwana wa Dagny, alikuwa ameandika kwamba kulitokea ugomvi baa, watu wameumia, na Villads ameachwa nchi kavu. Zaidi ya hapo hakueleza. Sasa neno hili moja. Kwa Kiingereza mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani ni hilo, mshtakiwa akiachiwa ni hilo, mfanyakazi akifukuzwa ni hilo hilo. Kidenmaki kina neno lake kwa kila mmoja: udskrevet, løsladt, afskediget. Ilibidi achague.

"Mbona kimya? Amekufa?"

"Hapana! Yuko hai, Dagny."

"Basi niandikie. Kresten hataniamini kwa mdomo, unamjua."

Thyra alimjua. Kresten, baba yake Villads, seremala wa mashua, alishatangaza kwamba mwanawe akilala selo asikanyage tena nyumbani kwake. Thyra angeweza kuandika maneno yote matatu. Alimtazama yule mama, akaandika moja: udskrevet. Ametoka hospitali.

Mchana ule ule Kresten alipandisha bendera bustanini, kama tufanyavyo hapa siku ya furaha.

"Mwalimu!" alimwita Thyra akipita. "Mwanangu ngozi ngumu yule! Njoo unywe kahawa!"

Thyra akanywa upesi, akaondoka. Kesho yake, gatini, alimsikia Kresten akiwasimulia wenzake jinsi Villads alivyoumizwa akiamua ugomvi wa watu. Hilo hata yeye Thyra hakuliandika.

Alifungua kamusi akitafuta pa kupumulia, chini ya neno lile akakuta maana nyingine tu: bunduki kufyatuliwa, shehena kushushwa. Akaifunga. Darasani alikosea tahajia ya neno la watoto wadogo, wanafunzi wakaangua kicheko. Kila asubuhi alipita posta kuulizia barua ya Cardiff.

"Unangoja posa, mwalimu?" karani alimtania.

Thyra akageuka, akaenda zake darasani.

Siku ya tano Dagny alikuja kumwita. Kresten alikuwa mezani, bahasha mbele yake.

"Soma. Usiruke kitu."

Mchungaji wa mabaharia huko Cardiff ndiye aliyeandika, kwa Kiingereza. Villads hakuwa na hata mchubuko. Alimpiga mtu kwa chupa, akakaa selo siku kumi na tisa. Jumanne hakimu akamwachia, maana mashahidi walisema yule mwingine ndiye aliyeanza kwa kisu. Meli ilishaajiri mtu mwingine. Kijana anauliza kama anaweza kurudi nyumbani.

Thyra alimaliza, akaiweka barua mezani.

"Hospitali iko wapi hapo?" Kresten aliuliza.

"Haipo. Lile neno lina maana nyingi. Nilichagua iliyo nyepesi kwenu, na sikuwaambia kwamba nimechagua. Nimekosa."

"Umenifanya kichekesho gatini!"

"Umejifanya mwenyewe!" Dagny alipiga meza, vikombe vikaruka. "Nani alikutuma ukasimulie? Mtoto anauliza kama aje, wewe unawaza gati!"

Kresten akairudisha barua ndani ya bahasha. Thyra alishika kalamu.

"Mwandikie mchungaji," Kresten alisema mwishowe. "Aje. Na aje na nguo za kazi, hapa hapana mapumziko."

Wiki ya tatu Villads akashuka kivukoni, amekonda, hajui aweke wapi mikono. Baba yake alimpokea mfuko, wakaondoka, mmoja mbele mwingine nyuma.

Thyra hakusalimiwa na Kresten mpaka karibu na Krismasi. Hata wakati huo hakuja mwenyewe. Alimtuma Villads na salamu, na kapu la vipande vya mwaloni vya karakana yao, vya kuwashia jiko.